Jina Nililoliandika kwenye Leseni ya Redio

Wanaume walipoinua jeneza la Bi Mwanaidi kwenda kuzika, sisi wanawake tulibaki uani kwake, Mikumi, tumekaa kwenye mikeka, wengine wanasoma, wengine wanachambua mchele. Nyuma yangu walikuwa wanawake wawili wa makamo ambao siwajui, wanaongea kwa ile sauti ya msibani ambayo mtu anadhani ni ya chini kumbe uwanja mzima unaisikia. Mmoja akasema, "Marehemu huyu si ndiye aliyewadhulumu wenzake redio, enzi za vijiji?" Mwenzake akauliza, redio gani tena. "Akina mama wa kule upande wa Kilosa walikuwa na redio yao, na spika, wanatangazia kijiji kizima. Huyu akaiandikisha kimyakimya kwa jina la mumewe. Mume alipokufa, ndugu zake wakaibeba. Mama yangu alikuwa mwanachama. Amekufa hajamsamehe." "Loo! Na ibada zote zile?" "Ndiyo hivyo. Mungu amrehemu." Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakiweka chini. Nilitakiwa kugeuka niwaambie, nyamazeni, jina lile niliandika mimi. Sikugeuka. Nakaribia miaka sabini, magoti hayanisikilizi tena, lakini ulimi ninao mzima, na bado sikugeuka.

Basi nitasema hapa. Habari za ukoo wangu na nilivyozaliwa nitaziruka, hazimsaidii mtu. Nitasema mwaka mmoja tu, ule tulipohamishwa mashambani tukaletwa kwenye kijiji kipya kati ya Chanzuru na Msowero, nyumba zimepangwa mstari mmoja mrefu kandokando ya barabara ya vumbi, hata watu wakapaita Mstarini. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la saba, na katika wanawake wote wa mstari ule mimi peke yangu nilikuwa nasoma gazeti bila kufuatisha kwa kidole. Kwa hiyo wakaniita Mwalimu. Jamani, mtu akikuita Mwalimu ukiwa na miaka kumi na saba, kichwa kinavimba. Nilikuwa natembea barabarani kama mtu aliyebeba yai.

Redio yenyewe ilikuja hivi. Mzungu mmoja wa shamba la mkonge alikuwa anaondoka, anauza vyombo vyake, na katika vyombo hivyo kulikuwa na redio kubwa ya mbao, amplifaya yake, kipaza sauti cha kushika mkononi, na spika ya pembe iliyokuwa inawaita vibarua asubuhi. Akina mama walikuwa na shamba lao la pamba, ekari zile za pamoja, wakalima, wakachuma, na pamba ya mwaka mzima ikaishia kwenye vyombo vile. Waume zao walicheka sana. "Mmeacha kununua mabati, mmenunua makelele," walisema. Bi Mwanaidi, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito kuliko mumewe, akawajibu, "Mabati yataziba mvua. Haya makelele yatakuja kukuambia daktari yuko wapi." Na kweli. Mstarini ilikuwa ndefu mno, mtu wa nyumba ya mwisho hajui kilichotokea nyumba ya kwanza hadi kesho yake. Spika ikafungwa juu ya nguzo mbele ya nyumba ya Bi Mwanaidi, betri ya gari ikaletwa, na kila siku jua likianza kupoa, kwanza taarifa ya habari kutoka Dar es Salaam, halafu mimi.

Chumba kile nakiona mpaka leo. Kitanda cha kamba, sanduku la bati lenye kufuli, kigoda, na juu ya kigoda redio imefunikwa khanga kuukuu, kwa sababu Bi Mwanaidi alisema chombo nacho kina haya yake. Wanawake walikuwa wanakaa sakafuni na ukutani na mlangoni, wanachambua mlenda au wanamnyonyesha mtoto, na mimi nakaa kwenye kitanda, heshima kubwa hiyo, kipaza sauti mkononi. Nilikuwa naanza, "Hapa ni Akina Mama wa Mstarini." Halafu nasoma: gari la kliniki litakuja siku fulani, mahindi ya msaada yamefika mjini, fulani amefiwa na kaka yake Msowero, mbuzi mweupe wa fulani ameonekana kwenye shamba la katibu. Mwaka ule njaa ilikuwa kali. Tulikuwa tunakula ugali wa yale mahindi ya njano ya msaada, ugali mgumu wenye harufu ya gunia, na watu walikuwa wanayalaani kila siku na kuyapigania kila yakija. Lori likija halikungoja mtu. Aliyesikia alipata, asiyesikia alilala na maji ya moto. Hapo ndipo wale waliocheka wakaanza kusogeza vigoda vyao barabarani jua likipoa, wanasikiliza. Hata mume wa Bi Mwanaidi, Mzee Saidi, mtu mpole kupita kiasi, alikuwa anabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. "Hodi wenye redio. Mgeni naomba kusikia bei ya pamba." Na wanawake wanamjibu kwa pamoja, "Karibu mgeni, ukae karibu na mlango!"

Siku hizi mwanamke anamiliki kituo kizima cha redio, masafa yake, mnara wake, na jina lake liko kwenye leseni ukutani. Morogoro yuko mmoja, na mke wa mpwa wangu anasoma habari kwake. Vijana hawashangai. Wanaona ni jambo la kawaida, kama duka. Mimi nikimsikiliza huyo binti akisema "unasikiliza redio ya fulani", nainuka natoka nje. Wanadhani nimeguswa na sauti ya mtoto wetu. Sijawahi kuwaambia.

Leseni ilianza kama jambo dogo. Katibu wa kijiji alikuja siku moja akasema redio zote zinakaguliwa, isiyo na leseni itachukuliwa. Bi Mwanaidi akanituma mjini Kilosa, na maneno yake yalikuwa mafupi: "Iandikwe jina letu. Akina Mama wa Mstarini. Usikubali jina la mtu, hata langu. Mtu anakufa, mtu anaachika, mtu anakasirika. Sisi tupo." Nikasema ndiyo mama. Niliondoka alfajiri kwa lori la mkaa. Kwenye ile ofisi niliyoelekezwa, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane, tumbo tupu, nimevaa viatu vya kuazima vinavyonibana. Zamu yangu ilipofika, karani akanisukumia fomu. Palikuwa na mahali pameandikwa Mwenye Chombo. Nikamwambia ni kikundi. Akaniangalia kwa huruma. "Kikundi kinataka muhtasari wa mkutano na barua ya katibu wa kijiji. Nenda ulete." Nikasema basi nitaandika mwenyekiti, Bi Mwanaidi. "Ameolewa?" Ameolewa. "Sasa dada, si uandike mumewe? Huyo mama akiachika kesho nitamtafuta wapi?" Akacheka, na watu wa benchi wakacheka, na mimi, nisamehe Mungu wangu, nikacheka nao.

Ningeweza kurudi kijijini. Barua ya katibu ilikuwa jambo la siku mbili. Lakini lori lilikuwa linapiga honi kule sokoni, na nilikuwa nimekwisha kujiona nikishuka Mstarini na leseni mkononi, wanawake wananipokea. Mwalimu atarudije mikono mitupu? Nikaandika: Saidi Kibwana. Mwandiko mzuri, herufi zimelala upande mmoja kama nilivyofundishwa. Karani akagonga muhuri. Nikajiambia nitakuja kuibadilisha mwezi ujao, na nikajiambia tena Mzee Saidi ni mtu mwema, hata akijua atacheka tu.

Waliponipokea kwa vigelegele, Bi Mwanaidi akaishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigeuza tena, akanirudishia. "Tusomee, mwanangu. Kwa kipaza sauti, wasikie mpaka nyumba ya mwisho." Chumba kilikuwa kimejaa pomoni. Bi Tatu, jirani yake, mwanamke mkali ambaye hata mbwa walikuwa wanamkwepa, alikuwa amekaa miguuni pangu na mjukuu wake mgongoni. Nikashika kipaza sauti. Nilikuwa na nafasi pale ya kusema jamani imeshindikana, wanataka barua. Wangesikitika kidogo, wangenipa barua, mambo yangekwisha. Nikasoma: "Leseni ya redio. Mwenye chombo: Akina Mama wa Mstarini." Nikasikia sauti yangu inatoka kwenye spika, inakwenda barabara nzima, na vigelegele vinairudisha nyumba kwa nyumba. Bi Tatu alilia. Akasema yeye katika maisha yake hajawahi kuandikwa popote ila kwenye daftari la kodi la mumewe, tena kama idadi. Bi Mwanaidi akaikunja leseni, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka ndani ya sanduku la Mzee Saidi kwa sababu ndilo lenye kufuli. Mimi nikapewa paja la kuku. Nililila lote.

Mwezi ujao ukaja, na mwingine. Kila nikitaka kwenda mjini, kulikuwa na palizi, au mvua, au uvivu wangu tu ulioitwa palizi. Halafu wakati wa kuchuma pamba Mzee Saidi akashikwa na homa siku ya Jumatatu, na Alhamisi tukamzika. Nililia sana msibani, watu wakanisifu kwamba nina roho nzuri. Kweli nilikuwa namlilia yule mzee. Lakini nilikuwa nalilia pia lile sanduku.

Lazima nieleze desturi yetu, maana vijana wameanza kuisahau. Kwetu ukoo ni wa mama. Mwanaume akifa, vitu vyake haviendi kwa mkewe, yeye ni mtu wa ukoo mwingine; vinakwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Mpwa wa Mzee Saidi aliitwa Ramadhani, anauza chakula Dumila pale njia panda, mabasi yanaposimama. Alikuja kwenye arobaini na kanzu safi na gunia la mchele. Baada ya dua, wazee wa ukoo wakaingia chumbani kutoa vitu vya marehemu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naosha sahani, na ukuta ulikuwa wa udongo, una ufa. Nilisikia kufuli linafunguliwa. Nikasikia, "Kanzu mbili. Jembe. Saa haifanyi kazi." Halafu sauti ya Ramadhani, mtu aliyesoma mpaka darasa la nane: "Hii ni leseni ya redio. Mwenye chombo, Saidi Kibwana." Mzee mmoja akasema, "Redio? Si ya wale akina mama?" "Mimi nasoma kilichoandikwa, mjomba." Sahani ilinitoka mkononi ikavunjika. Mama mmoja aliyekuwa ananisaidia akasema pole, ndiyo uchovu wa msiba.

Baraza lilikaa kesho yake kwenye ghala la pamba, kwa sababu ndiyo nyumba pekee iliyotosha watu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na leseni mbele yake. Ramadhani hakuwa mtu mbaya, nataka hili lijulikane. Alisimama akasema, "Mama zangu, shikamooni. Sikuja kumnyang'anya mtu. Lakini mjomba wangu ameniachia kitu, na serikali imekigonga muhuri. Nikikiacha, ukoo utaniuliza." Wanawake wakaguna kwa pamoja, ghala likatetemeka. Bi Tatu akaruka juu. "Serikali gani? Tulisomewa! Kijiji kizima kilisikia! Imeandikwa Akina Mama!" Mwenyekiti akamgeuzia ile karatasi, kana kwamba ataisoma. "Dada yangu, hapa imeandikwa Saidi Kibwana." Akaangaza macho. "Nani aliyekwenda kuandikisha?" Mtu akasema, "Zaina. Mwalimu." Nikasikia vichwa vinageuka.

Nilisimama. Mwenyekiti akauliza kwa upole, "Binti, nani alikuambia uandike jina hili?" Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Na kabla sijasema, Bi Mwanaidi akasema kutoka kwenye jamvi lake la eda, nguo nyeupe mpaka kwenye paji la uso, maana alikuwa ameruhusiwa kuletwa pale kwa sababu ya jambo hilo tu: "Mtoto aliandika alichotumwa. Nilimtuma mimi." "Na kusoma vile?" akauliza mwenyekiti. "Nako nilimtuma mimi." Alisema bila kuniangalia. Mwanamke ambaye alinikataza hata jina lake mwenyewe! Nilijua nilichotakiwa kufanya. Nilitakiwa kusema maneno manne tu, mama huyu anasema uongo. Badala yake nikakaa. Mpaka leo hakuna kitendo nilichowahi kufanya kinachonichoma kama kule kukaa.

Bi Tatu ndiye aliyenyanyuka kwanza. Alimsogelea mjane yule akatema mate chini mbele ya jamvi lake. "Ulitulimisha pamba," alisema, "ukamwandika mumeo." Halafu akatoka, na wengine wakamfuata, mmoja mmoja, wakipita mbele yake bila kumsalimu. Ramadhani alifungua spika mwenyewe jioni ile kabla jua halijazama, akakunja waya vizuri, akaifunga redio kwa ile khanga kuukuu, akaomba radhi kwa kila aliyemwona. Ilikuja kupigwa kwenye kibanda chake cha chakula Dumila. Watu waliopita na basi walisema inasikika vizuri sana.

Hakuna aliyemfukuza Bi Mwanaidi. Watu wetu hawafukuzi. Lakini ukienda kuomba kaa la moto kwa jirani ukaambiwa limezimika, na unaona moshi, unaelewa. Ukichota maji kisimani watu wakakaa kimya mpaka uondoke, unaelewa. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Nilikuwa nasikia akikohoa. Sikwenda. Nilikuwa nangoja nipate ujasiri, na ujasiri hauji kwa kungojwa. Eda yake ilipokwisha, dada yake akaja kumchukua kwenda Mikumi. Niliwatazama kwenye upenyo wa mlango wakipita, sanduku la bati limebebwa kichwani na huyo dada, sasa halina kufuli. Mama yangu alikuwa nyuma yangu anasonga ugali. Akasema, "Heri aende. Mwizi wa kuku unamjua, mwizi wa namna hii je?" Nikala ule ugali.

Baada ya hapo nikawa bubu. Watu walikuja na barua zao, nikasema macho yananiuma. Walidhani ni hasira kwa yule mama, wakanihurumia, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko kipigo. Katibu akawa anagongomea matangazo kwenye mlango wa ofisi, karatasi juu ya karatasi, na hakuna anayeyasoma, kwa sababu aliyezoea kuwasomea watu alikuwa mmoja. Siku moja nilipita pale na ndoo ya maji kichwani. Karatasi mpya: gari la kliniki, sindano ya surua kwa watoto wote, Jumanne asubuhi. Niliisoma yote. Nikaisoma mara ya pili. Nikajiambia katibu atawaambia watu. Nikaenda zangu na ndoo yangu. Jumanne nikaliona gari linakuja, watu wako mashambani wanafukuza ndege, likasimama, likapiga honi mara chache, likachanja wale watoto wachache waliokuwa karibu, likaondoka. Surua ilikuja baada ya wiki tatu. Mjukuu wa Bi Tatu, yule wa mgongoni, alikuwa wa pili kufa. Sisemi kwamba sindano ingemwokoa. Sijui. Mimi siyo daktari. Ninachojua ni kwamba niliisoma ile karatasi mara mbili.

Baada ya mazishi ya yule mtoto sikuweza kula. Nikaomba lifti kwenye lori la mbao linalopita kijiji cha Ulaya, nikafika Mikumi jua kali. Bi Mwanaidi alikuwa kwenye kibanda cha nyasi kandokando ya barabara kubwa, anawachomea vitumbua madereva wa malori yanayokwenda Zambia. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo imetoka. Akaniona, akaacha mwiko kwenye kikaango. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Hilo ndilo neno lake la kwanza. Akanikalisha kwenye kigoda, akanipa vitumbua vinne na chai ya rangi, na mimi nikaanza kulia hata dereva mmoja akauliza huyu binti amefiwa na nani. Nikamuuliza kwa nini. Kwa nini ulisema vile? Akageuza vitumbua vyake kwanza. "Nilipoona umesimama pale unatetemeka, nikajua," alisema. "Niliuona mkono wako kwenye ile karatasi, hata mimi nisiyejua kusoma. Nilikasirika, Zaina. Nilitaka nikupige kibao mbele za watu. Kwa siku nyingi baadaye bado nilitaka. Lakini nikafikiri, redio imekwenda, imekwenda. Nikikutoa na wewe, wale wanawake watabaki na nini? Mwenyekiti watapata mwingine, mtu yeyote anaweza kugombana na waume za watu. Msomaji watampata wapi? Wewe ndiye uliyekuwa redio yenyewe. Chombo kilikuwa mbao tu." Kisha akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu ghalani. "Unawasomea, lakini?"

Nikamwambia, "Nawasomea, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nyumba kwa nyumba."

Akafurahi. Jamani, alivyofurahi! Akacheka mpaka akashika kiuno, akamwambia dada yake aliyekuwa ndani, "Unasikia? Anawasomea kwa miguu!" Akaniongezea kitumbua cha tano. Nilikishika mkononi kikapoa. Sikumwambia habari ya mjukuu wa Bi Tatu, na yeye akaniuliza habari za Bi Tatu, nikasema hajambo.

Nilirudi Mstarini kesho yake mchana, na sikupita kwetu. Nilikwenda ofisini, nikazibandua karatasi zote mlangoni, katibu akinipigia kelele, nikaenda nazo moja kwa moja kwa Bi Tatu. Alikuwa amekaa kizingitini, nguo yake ya msiba haijafuliwa. Nikasema shikamoo, akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia nimekuja kusoma, lakini kabla sijasoma nina neno. Nikamweleza yote, tangu benchi mpaka ghalani, tangu jina mpaka ile karatasi ya sindano. Ile ya sindano niliisema kwa kunong'ona. Nilitaka anipige. Wallahi nilitaka aniue pale pale.

Bi Tatu alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanitazama kuanzia miguuni, viatu vina vumbi jekundu la safari, mpaka usoni. "Ulikuwa Mikumi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Amekulisha?"

Nilizikunja zile karatasi mkononi.

"Amekulisha. Amekutuma uje umsafishe, ujitwishe wewe mzigo wake, mtoto mdogo. Hata kifo cha mjukuu wangu amekupa ujitwishe. Mwanamke yule hana haya." Alikuwa hana hasira na mimi hata kidogo. Alinyoosha mkono akanifuta machozi kwa ncha ya khanga yake. "Wewe ulisoma ulichotumwa, mwanangu. Sote tunajua. Usimtetee tena."

Nikamwambia siyo hivyo. Nikaapa. Nikamshika miguu. Akaniinua kwa upole na kuniambia nikapumzike, nina homa. Siku ile niliposema uongo kwa kipaza sauti, kijiji kizima kiliniamini. Sasa nilikuwa na kweli yangu mkononi, na mtu aliyefiwa ananifariji.

Nilimsomea yale matangazo yote, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Alisikiliza. Akasema ahsante. Nikatoka nikaenda nyumba iliyofuata, nikabisha hodi, nikasema nina neno kabla sijasoma, nikalisema, na mama wa nyumba ile naye akatikisa kichwa akasema, masikini, ulikuwa Mikumi. Nikaenda nyumba ya tatu.